Mwaka Tuliotafuta Mahali pa Kuzika

Mwalimu Mutiso alizikwa mwezi uliopita kwao Makueni, kando ya wazazi wake, na watu wa klabu yetu waliobaki tulijikuta watatu tu ndani ya hema la wageni, sahani za pilau mapajani. Nilikuwa mimi, Mama Kamau, na Rafaeli wa duka la vifaa vya ujenzi, ambaye siku hizi hasikii vizuri. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakamsifu marehemu kwamba alikuwa mwalimu mkuu, mzee wa kanisa, baba mwema. Hakuna aliyetaja klabu wala yale mambo ya makaburi. Mama Kamau alikula polepole, akajifuta mikono kwa leso, halafu akaniambia bila kunitazama, "Sein, hawa watoto wake hawajui alitufanyia nini. Wewe ndio unajua kuandika. Andika ule mwaka." Nikamwambia ule mwaka ulikuwa mbaya. Akasema, "Ndiyo maana."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nauza dawa za mifugo katika duka moja pale Kitengela, na nilijiunga na klabu kwa sababu ya upweke zaidi ya wema. Tulikutana kila Alhamisi jioni katika chumba cha nyuma cha hoteli moja iliyopakana na bucha. Kilikuwa na meza mbili zilizounganishwa, viti vya plastiki, kalenda ya mwaka uliopita, na ukuta wenye joto kwa sababu upande wa pili ndipo palipokuwa na jiko la chapati. Tulikuwa watu kama kumi hivi, Wakamba, Wakikuyu, Mluhya mmoja, na mimi Mmaasai peke yangu. Tuliuita mkutano ule Mkono kwa Mkono. Tulikuwa tumepaka rangi madarasa, tumezibua mtaro uliokuwa ukifurika sokoni, tumepanda miti kando ya barabara ambayo mbuzi waliila. Kazi zetu zilikuwa ndogo na tulizipenda kwa sababu zilikuwa na mwisho. Ukipaka darasa rangi, limepakwa. Unarudi nyumbani na rangi kwenye kucha na unalala vizuri. Sasa nikiwa mtu mzima naona kwamba hatukuwa tumejaribiwa hata kidogo.

Mama Kamau alikuwa akishona mapazia, na ndiye aliyesimamia chai yetu. Mume wake tulimjua kwa jina tu. Tulijua kwamba figo zake zilikuwa zinakataa kazi, na kwamba walikuja Kitengela baada ya nyumba yao huko Bonde la Ufa kuchomwa wakati wa fujo za uchaguzi. Walikodi chumba kimoja karibu na reli. Alhamisi moja, kiangazi kikiwa kimeanza kuuma na chai yetu imeanza kuwa ya rangi kwa sababu maziwa yalikuwa hayapatikani, mlango ulifunguliwa na yeye mwenyewe akaingia, mrefu, amekonda, mkono mmoja ukishika ukuta. Mkewe aliinuka haraka. Mumewe akamwashiria akae.

"Labda mmesikia jina langu, mimi ni Baba Kamau," alisema alipopata pumzi. "Sikuja kuomba dawa. Nilitaka kuwauliza kitu kimoja. Mimi nikikufa, mtanipeleka wapi?"

"Mzee, usiongee hivyo," Mwalimu Mutiso alisema.

"Mwalimu, sina shida na kufa. Shida yangu ni mahali. Kule tulitoka kuna mtu analima. Kwa baba yangu Murang'a, shamba iligawanywa ikaisha kabla mimi nizaliwe. Hapa nalipa nyumba ya watu. Sasa huyu mwenye nyumba atanizika kwa koridoo?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akanyamaza. Mama Kamau alikuwa ameinama anapanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa. Nakumbuka mwanga wa jioni ukiingia kupitia dirisha dogo na kumwangukia yule mzee begani, na jinsi kila mmoja wetu alivyokuwa akipiga hesabu yake ya siri, yaani mimi nikifa, napelekwa wapi. Mimi nilikuwa na jibu. Mwalimu alikuwa na jibu. Wengine wawili, nilivyowaona wakitazama meza, hawakuwa nalo. Upande wetu ule wa mji hatukuwa na makaburi ya umma. Mwenye ploti yake alizika kwenye ploti, mwenye kwao alikodi lori akasafirisha. Asiyekuwa na ploti wala kwao, hakuna aliyejua alifanya nini. Tulikuwa tukiishi mahali ambapo kila mtu alikuja kununua kiwanja ajenge, na hakuna aliyefikiria kwamba waliojenga nao watakufa.

Ndivyo klabu ilivyoingia katika jambo lililotushinda. Tulikubaliana tutafute kipande cha ardhi kiwe makaburi ya wote. Mwalimu Mutiso, ambaye alikuwa mwenyekiti wetu na hakuwahi kupandisha sauti, alinigeukia akasema kwa upole, "Sein, ninyi ndio wenyeji. Tutaanzia kwenu."

Baba yangu mkubwa alikuwa na ardhi upande wa Isinya, na Jumamosi iliyofuata tulikwenda kwake watu watano, tumevaa nguo za kanisani. Ardhi ilikuwa nyeupe kwa ukame. Tulipofika bomani tulimkuta na mkewe na mchungaji wao wakivuta ng'ombe aliyeanguka, mmoja akiwa kwenye mkia, mwingine kwenye pembe. Ng'ombe akishaanguka wakati wa kiangazi na akakosa kuinuliwa, hainuki tena. Niliinamisha kichwa kwa salamu ya kwetu, baba mkubwa akakigusa kwa kiganja chenye vumbi. "Karibuni," aliwaambia wageni wangu kwa Kiswahili. "Lakini kwanza saidieni mkono." Mwalimu Mutiso akavua koti, akalitundika kwenye miba ya boma, akashika chini ya tumbo la ng'ombe. Rafaeli akashika mkia. Mama Kamau, aliyekuwa amevaa rinda lake la Mothers' Union, akapiga magoti mavumbini akaweka bega. Tulimwinua yule, akasimama akitetemeka. Tukamwinua mwingine. Wa tatu tulimwinua, akatuangalia, akaanguka tena juu ya viatu vya Rafaeli, na baba mkubwa akasema tumwache.

Tulipewa chai ya rangi, na baba mkubwa akaomba radhi kwa kukosa maziwa kwa aibu ambayo sitaisahau, maana mzee wa Kimaasai kumpa mgeni chai isiyo na maziwa ni kama kumpokea akiwa uchi. Mwalimu alieleza shida yetu vizuri, pole pole. Baba mkubwa alisikiliza akikwaruza ardhi kwa fimbo.

"Mimi ni Mkristo," alisema mwishowe. "Nimezika mama yangu hapa nyuma ya nyumba, na msalaba nimeweka. Sikatai kuzika. Lakini mwalimu, wewe umesoma, niambie ukweli. Mtu akizikwa hapa kwangu, watoto wake si watakuja kusema baba yetu analala hapa, hapa ni kwetu? Hii Kenya, kaburi ni cheti kubwa kuliko ile ya serikali. Tumeuza huku, tumeuza kule. Ng'ombe wakiisha nitauza tena. Hata waliokufa mnataka niwape?"

Mama Kamau alisema, "Baba, watoto wangu hawatadai." Baba mkubwa akamtazama kwa huruma ya kweli. "Wewe hutadai, mama. Wajukuu wako hujui."

Tukaona basi tuombe ardhi ya umma. Sitasimulia safari zote za kwenda ofisi za serikali Kajiado, madawati tuliyokalia, na watu waliotuambia turudi wiki ijayo. Nakumbuka zaidi mkahawa mmoja mdogo karibu na ofisi hizo, ambako tulikuwa tukigawana githeri, mahindi na maharagwe, sahani moja watu wawili, na mwenye mkahawa alituzoea hata akawa anatuuliza, "Bado maiti yenu?" Mwishowe kuliitishwa mkutano wa hadhara kuhusu maendeleo ya sehemu yetu, na jambo letu likawekwa kati ya mambo mengine. Ukumbi ulijaa. Mwalimu alisema maneno yake. Mara watu wakaanza kuinuka. Mwanamke mmoja aliyevalia suti nzuri alisema amehangaika miaka kupata ploti, na sasa wanataka aamke kila asubuhi akiangalia misalaba. Mwanamume mmoja alisema makaburi yataingia kwenye maji ya visima. Kijana mmoja wa Kimaasai, ambaye nilisoma naye, alisema wageni walikuja wakiwa hai na sasa wanataka kukaa hata wakiwa wafu, na watu wakampigia makofi. Alikuwa anaongea kwa hasira ya kwetu, na nilijua ilikotoka, na niliona aibu kwa sababu nilimwelewa.

Ndipo Mama Kamau akasimama. Hakuwa kwenye ratiba ya wasemaji. "Mume wangu hajakufa," alisema. "Yuko nyumbani, amekaa kitandani, anangoja nirudi nimwambie mmesema nini. Naomba tu mniambie nimwambie nini."

Afisa aliyekuwa akiongoza mkutano alikohoa, akatazama karatasi yake, akasema jambo hilo litaangaliwa, na kwamba sasa twende kwenye suala la stendi ya bodaboda.

Nilimsindikiza hadi kwake, jua likiwa bado halijatua. Aliniacha nje kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaingia, na kwa kuwa mlango wao ulikuwa pazia tu, mojawapo ya yale aliyoshona yeye mwenyewe, nilisikia yote.

"Wamekubali?" sauti ya mumewe iliuliza.

"Wamekubali," Mama Kamau alisema. "Imebaki kupima tu."

Halafu yule mzee akasema, "Basi waambie wapande miti mapema. Huku kuna jua sana."

"Nitawaambia."

Alitoka akiwa na kikombe cha uji kwa ajili yangu. Sikuweza kukinywa, na yeye hakunihimiza. Tumezeeka pamoja tangu hapo, na hatujawahi kuyazungumzia maneno yale.

Baba Kamau hakumaliza mwezi. Alipelekwa mochari, na huko akakaa, kwa sababu hatukuwa na mahali pa kumpeleka. Klabu ilikutana mara mbili kwa wiki katika kile chumba cha nyuma, na hakuna aliyeagiza chapati. Rafaeli alipendekeza makaburi ya umma ya Nairobi, akaambiwa yamejaa, mtu anazikwa juu ya mtu. Mmoja akapendekeza kuchoma mwili, na Mama Kamau akasema nyumba yake ilichomwa na hatachomwa mume wake pia. Wawili waliacha kuja. Siwalaumu. Kulikuwa na harufu ya kushindwa katika kile chumba, na mtu huikimbia harufu hiyo kama anavyokikimbia kipindupindu.

Jumapili mchana Mwalimu Mutiso aliniita nyumbani kwake. Ploti yake ilikuwa ile ya kawaida ya Kitengela, nyumba ya mawe, tangi la maji, kamba ya nguo, na kona moja aliyokuwa akikusudia kulima sukumawiki atakapostaafu. Nilipofika walikuwa jikoni, yeye na mkewe, Mama Ndunge, na niliketi sebuleni nikisikia sahani zikigongana.

"Nitakuwa naanika nguo nikiangalia nini?" Mama Ndunge alisema.

"Utaangalia nguo."

"Mutiso, huyo si ndugu yako. Hata si Mkamba."

"Si ndugu yangu."

"Na sisi tukifa?"

"Sisi tuko na Makueni, Mama Ndunge. Yeye hana."

Sahani zikanyamaza. Kisha nikamsikia Mama Ndunge akilia kwa sauti ndogo ya mtu anayejua ameshashindwa kwa sababu mwenzake ana haki. Siku ya maziko ndiye aliyepika, sufuria mbili kubwa, na alimkalisha Mama Kamau kitandani kwake akamfunika shali. Tulimzika Baba Kamau kando ya tangi la maji, pale palipokuwa na unyevu kidogo. Pakapandwa mti.

Ningependa kusema kwamba hapo ndipo tulipopumzika. Lakini habari husambaa katika mji wa watu wasio na kwao. Haikupita wiki, watu wakaanza kuja kwenye lango la Mwalimu. Mzee mmoja aliyefiwa na dada yake. Vijana wa eneo la ujenzi waliokuwa wamepoteza mwenzao aliyeanguka kutoka orofani na hawakujua hata jina lake la pili. Walikuja kwa adabu, kofia mikononi. "Tulisikia hapa mnazika." Majirani nao walikuja, bila adabu. Chifu akaja, akanywa chai, akasema kwa upole kwamba mmoja ametosha, akiongezeka wa pili itakuwa kesi. Mwalimu, mtu ambaye lango lake halikuwahi kufungwa mchana, akanunua kufuli. Alikonda. Alhamisi aliongoza mkutano akiwa ameshika kichwa, na siku moja katikati ya sentensi aliacha kuongea kabisa, tukakaa tukimngoja, na Rafaeli ndiye aliyesema twende nyumbani.

Nilikuwa kwake alasiri ile Akinyi alipofika. Alikuwa msichana wa rika langu, bado amevaa gamboti na aproni ya shamba la maua la kule Isinya, na mgongoni amefunga leso kama mtu abebaye mtoto aliyelala. Alisimama nje ya lango. Mwalimu alimwangalia kupitia vyuma, akaelewa kabla yangu.

"Kibali cha kuzika niko nacho," Akinyi alisema, akatoa karatasi kifuani. "Chifu alinipatia. Nyumbani ni Siaya na sina vile nitafika. Ni mdogo sana, mwalimu. Hatachukua nafasi."

Mwalimu alishika zile nondo za lango kwa mikono miwili. Akageuka, akaenda akakaa kwenye ngazi ya mlango, akajifunika uso. "Sein, siwezi tena," aliniambia. "Nikifungua hili lango sitaweza kulifunga." Nilikuwa sijawahi kumwona mwanamume wa umri wake akiwa hivyo. Nilipita kando yake, nikatoka, nikamshika Akinyi mkono. Sikuwa na mpango wowote. Nilijua mahali pamoja tu duniani ambapo sikuhitaji kubisha hodi.

Baba mkubwa alikuwa ameketi nje ya boma tupu. Ng'ombe wake waliobaki ungeweza kuwaona wote bila kugeuza shingo. Alituona tukija kutoka mbali, na tulipofika alitazama ile leso mgongoni mwa Akinyi, akanitazama mimi, akasema kwa Kimaa, "Nilishawajibu." Nikasema, "Ndiyo, Papa." Tulisimama. Upepo ulikuwa ukileta harufu ya mizoga. Mama mkubwa alitoka nyumbani, akamsalimu Akinyi, "Takwenya," na Akinyi, ambaye hakujua kuitikia, akasema tu, "Shikamoo, mama." Mama mkubwa akamfungua leso taratibu, akampokea mtoto, akamshika hivyo hivyo kifuani kama anayebembeleza, akaanza kutembea naye huku na huku mbele ya nyumba.

"Jina lake?" baba mkubwa aliuliza.

"Alikuwa hajapewa," Akinyi alisema. "Tulikuwa tunangoja baba yake aje. Hakukuja."

Mama mkubwa alisimama mbele ya mumewe. "Huyu hana wajukuu," alisema. "Huyu hatakuja kudai kitu." Baba mkubwa akainuka, akachukua sururu, akaenda kwenye kona ya ardhi yake, penye mti wa miiba, na ardhi ilikuwa ngumu kiasi kwamba kila pigo lilitoa sauti ya chuma kikigonga chuma. Hakuniruhusu nimsaidie. Kwetu nyasi mbichi ni baraka, na mama mkubwa alizunguka akitafuta hata jani moja la kumwekea mtoto. Alilipata chini ya birika la ng'ombe lililokuwa likivuja. Aliomba kwa Kimaa. Akinyi aliomba kwa Kijaluo. Hapakuwa na mahubiri. Baada ya hapo tulikaa ndani tukanywa chai ya rangi, na Akinyi akalala ameketi, gamboti bado miguuni.

"Huyu mmoja," baba mkubwa aliniambia nikiondoka. "Usilete mwingine." Walinijia wengine dukani, na niliwarudisha wote, na nyuso zao sijazisahau.

Klabu ilikufa kabla ya mvua kurudi. Hakuna aliyeivunja, Alhamisi moja nilifika, nikakuta mwenye hoteli ametenganisha zile meza mbili. Baba mkubwa aliuza sehemu ya ile ardhi mwishoni mwa mwaka, kama alivyosema angefanya. Siku ya kupima nilikuwepo. Mpima ardhi, kijana mwenye haraka, alikuwa akisimika bikoni za mpaka na wasaidizi wake wakivuta kamba kuelekea kwenye mti wa miiba, na baba mkubwa akatembea mbele yao akasimama hapo.

"Hapa hapauzwi," alisema. "Ruka hapa."

"Mzee, mstari utapinda."

"Upinde."

"Kwani kuna nini?"

Baba mkubwa alitazama chini. Palikuwa na mawe machache tu, hakuna ambaye angejua. "Mtoto wetu," alisema.

Jioni ile nilimpigia Akinyi nimwambie. Simu yake haikupatikana. Nilikwenda hadi kwenye shamba la maua, wakaniambia aliacha kazi, hawajui alikoelekea. Nikapiga tena mwezi uliofuata, na mwezi uliofuata. Mvua zilirudi, baba mkubwa akanunua ndama wawili, akaweka uzio kuzunguka ile kona ili wasiikanyage. Kila nilipokwenda kumwona, kabla hajaniuliza habari za kazi wala za nyumbani, aliniuliza kwanza, "Mama yake amepiga simu?" Nilimwambia bado, Papa. Aliniuliza hivyo miaka yote iliyomsalia, na nilimjibu hivyo hivyo miaka yote.